Shahidi wa Asiye na Kimemo

Siku hizi imekuwa fasheni, hasa miongoni mwa watu wenye kazi zao nzuri Dar es Salaam, kuyabeza mashindano ya kuandika programu za kompyuta. Utawasikia wakisema kwamba ni michezo ya watoto, kwamba hakuna kampuni inayomlipa mtu mshahara kwa kufumbua mafumbo, na kwamba kijana anayekesha juu ya mambo hayo angefanya vema kutafuta shughuli ya maana. Mimi naishi Singida, mkoa ambao wengi huujua kwa kuku, alizeti na vitunguu, na kwa miaka mingi nimefundisha hisabati katika shule za sekondari za mkoa huu. Kutoka hapa nilipo, maneno hayo nayasikia kwa sikio jingine. Nasema bila kumung'unya kwamba mashindano hayo yanasaidia kupata kazi. Ila hayamsaidii kila mtu kwa kiasi kile kile, na wanaoyabeza aghalabu ni wale ambao hawakupata kuyahitaji.

Kwa msomaji asiyeyafahamu, mashindano yenyewe ni ya namna hii. Lile kubwa la vyuo vikuu, lijulikanalo kwa kifupi kama ICPC, chimbuko lake ni shindano lililofanyika katika chuo kikuu cha Texas A&M, Marekani, mwaka 1970. Timu huwa na wanafunzi 3, nao hupewa kompyuta 1, saa 5, na maswali yapatayo 10 au zaidi. Kila swali hueleza tatizo: mathalani, hivi hapa vijiji, na hii hapa gharama ya kuchonga barabara kati ya kijiji kimoja na kingine, tafuta namna ya kuviunganisha vyote kwa fedha kidogo kabisa. Programu unayoandika hujaribiwa kwa mifano ya siri. Ikikosea mfano mmoja tu, inakataliwa, na ukija kulipata swali hilo baadaye unaongezewa adhabu ya dakika 20 kwa kila jaribio lililokataliwa. Wanafunzi wa sekondari nao wana olimpiadi yao ya kimataifa, iliyoanzia Bulgaria mwaka 1989. Tena wapo wasio na chuo wala timu. Hao hushindana peke yao kwa njia ya intaneti, kwa mfano katika Codeforces, mtandao uliozaliwa Urusi, ambako mashindano mengi huanza saa 11 na dakika 35 jioni kwa saa za Moscow, ambazo kwa bahati njema ndizo saa zetu za Afrika Mashariki.

Wabezaji wana shahidi wao mkubwa. Peter Norvig, aliyekuwa mkurugenzi wa utafiti katika kampuni ya Google, alisema katika mhadhara mmoja, na maneno yake yakaenea sana mwaka 2015, kwamba kampuni ilipochunguza takwimu za wafanyakazi wake iliona kuwa ushindi katika mashindano ya programu ulikwenda kinyume na utendaji mzuri kazini. Maelezo yake yalikuwa kwamba washindi wamezoea kwenda mbio, ilhali kazi humtaka mtu anayetulia na kulifanya jambo sawasawa. Kauli hiyo imegeuzwa rungu. Kila kijana akithubutu kusema anashindana, hupigwa nalo kichwani.

Lakini tuulize: ni nani waliochunguzwa? Ni watu waliokwisha kuajiriwa. Hapo ndipo penye mtego, na ili kuuona hatuna haja ya kwenda Marekani; tutazame kuku wetu. Chukua mfugaji wa hapa Singida anayenunua matetea wa kuanzishia banda. Humchukua aliye mkubwa wa umbo, au anayesifika kwa kutaga. Aliye mdogo na asiyetaga humwacha sokoni. Baada ya mwaka akihesabu mayai bandani mwake ataona ajabu: matetea wakubwa, kwa wastani, wanataga kidogo kuliko wadogo. Je, ukubwa unazuia kutaga? La hasha. Wadogo waliomo bandani waliingia kwa sifa moja tu, ya kutaga. Wadogo wasiotaga hawamo. Lakini wakubwa wameingia wote, watagaji na wasio watagaji. Anayehesabu mayai ya bandani bila kukumbuka walioachwa sokoni atatoa hukumu potofu juu ya kuku wote wa Singida.

Na takwimu ya kampuni ile yaweza kuwa ya namna hiyo hiyo. Aliyeshinda mashindano huenda alipokelewa kwa ushindi wake hata pale sifa zake nyingine zilipopungua kidogo. Asiyeshinda ilimlazimu awe na mengine mengi ndipo apokelewe. Ikiwa ndivyo, basi takwimu wanayotupigia nayo haisemi kabisa kwamba mashindano hayamsaidii mtu kuajiriwa. Inadokeza kinyume chake: kwamba yaliwavusha watu mlangoni. Rungu hilo linampiga aliyelishika.

Na wanaodai kwamba washindi ni hodari wa mafumbo tu na hawawezi kujenga kitu, wafungue simu za watoto wao. Nikolai Durov alikuwamo katika timu ya chuo kikuu cha St Petersburg iliyotwaa ubingwa wa dunia wa ICPC mwaka 2000, na tena mwaka 2001. Ndiye aliyeshirikiana na ndugu yake Pavel kuunda Telegram mwaka 2013. Mtu mmoja si ushahidi wa jambo zima, nakubali. Lakini anatosha kuliondoa neno "hawawezi".

Wahenga walisema, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Wabezaji nao wana haki yao moja, nami sitawanyima. Niliwahi kualikwa na chama kimoja cha akiba na mikopo nisaidie kusaili vijana wa kutunza programu ya hesabu zake. Niliwapa swali hili: mwanachama amelipa rejesho la mkopo kwa simu, mtandao ukasuasua, akadhani fedha haikufika, akalipa tena, sasa vitabu vinaonyesha malipo mawili. Mtafanyaje? Kijana mmoja, hodari wa mashindano, aliandika kwa dakika chache programu ya kutafuta na kuondoa malipo yote yaliyojirudia siku moja kwa mtu mmoja. Ilikuwa safi, haina hitilafu. Kijana wa pili hakuandika kitu. Alisema, "Mwalimu, naomba niulize kwanza. Huyo mwanachama ana meseji ngapi za malipo katika simu yake, na kila meseji ina namba gani ya kumbukumbu? Na mhasibu huwa anarudisha fedha iliyozidi, au anaihesabu kuwa rejesho la mwezi ujao?"

Yule wa pili alikuwa ameshaanza kazi. Programu ya yule wa kwanza ingefuta pia malipo ya mama muuza vitunguu aliyelipa Sh 20,000 asubuhi na Sh 20,000 nyingine jioni kwa hiari yake, baada ya kuuza. Katika mashindano swali huja limekamilika, lina kila kitu ndani yake. Ofisini swali huja nusu, na nusu nyingine iko kichwani mwa mhasibu, au katika daftari la karani, au katika simu ya mwanachama aliye kijijini. Kulitafuta swali ni nusu ya kazi, na nusu hiyo mashindano hayaipimi.

Sawa. Lakini hebu tuwe wakweli hadi mwisho. Tangazo la kazi ya Afisa TEHAMA huomba shahada. Je, shahada inaipima nusu hiyo? Ni wangapi waliopewa shahada kwa sababu walijua kumuuliza mhasibu? Mbona shahada hatuiiti mchezo wa watoto? Kila kipimo hupima kitu kimoja na kuacha kingine. Mizani ya sokoni haipimi ladha ya asali ya Manyoni, wala hatuitupi kwa sababu hiyo. Ukitaka kukiondoa kipimo, ni lazima useme utaweka nini mahali pake, na hapo ndipo wabezaji wetu huona haya, maana kinachokaa mahali pake sote tunakijua.

Nimalizie habari ya usaili ule. Hakuajiriwa kijana wa kwanza, wala hakuajiriwa wa pili. Aliajiriwa wa tatu, ambaye mimi sikumsaili hata kidogo. Alikuja na kimemo.

Kimemo si lazima kiwe karatasi. Yaweza kuwa simu iliyopigwa jioni. Yaweza kuwa jina la ukoo, au kusoma dawati moja na mtoto wa mkurugenzi, au kukaa mtaa mmoja na watu wanaoajiri na kukutana nao harusini. Yaweza kuwa ni maneno matatu tu: "Huyu namfahamu mimi." Wala tusidhani kwamba ugonjwa huu ni wa ofisi zetu peke yake. Makampuni makubwa ya teknolojia ya ng'ambo yana kimemo chao: mfanyakazi humpendekeza rafiki yake, na rafiki akiajiriwa, mara nyingi aliyempendekeza hupewa fedha ya asante. Hawakiiti kimemo, lakini kijana wa Shelui au wa Itigi asiye na rafiki katika kampuni hiyo hubaki nje vile vile. Watu humwambia awe mvumilivu, chema chajiuza. Chema hakijiuzi kikiwa Shelui na mnunuzi akiwa Nairobi. Kinahitaji mtu wa kukishuhudia.

Sisi Watanzania hatuhitaji kufundishwa jambo hili, kwa sababu wengi wetu tumepita katika mlango wa namna hiyo. Mtahiniwa wa Baraza la Mitihani, lililoundwa mwaka 1973, hujulikana kwa msahihishaji kwa namba, si kwa jina. Msahihishaji hajui kama karatasi iliyo mbele yake ni ya mtoto wa waziri au ya mtoto wa mchunga mbuzi wa Mkalama. Mitihani hiyo ina kasoro zake, nami niliyeisimamia nazijua: shule yenye vitabu na walimu huishinda shule yenye ukuta na paa tu. Hata hivyo, ondoa namba ile uweke majina, kisha uhesabu ni watoto wangapi wa wakulima watakaobaki. Mashindano ya programu yamejengwa juu ya msingi ule ule. Mwamuzi ni mashine, na mashine haina mpwa wala mkwe. Haiulizi ulisoma wapi, wala baba yako anaitwa nani. Inauliza jambo moja: jibu lako ni sahihi?

Ninaye mwanafunzi wangu wa zamani, binti wa mkulima wa alizeti wa wilaya ya Iramba. Alisoma stashahada ya kompyuta, akarudi nyumbani, na kwa miaka miwili akatuma maombi ya kazi bila kujibiwa hata mara moja. Kila barua yake ilisema yeye ni mchapakazi na mwaminifu, maneno ambayo kila mwombaji huyaandika. Akaanza kushindana jioni, kwa kompyuta mpakato ya mtumba na bando la simu, baada ya kumsaidia mama yake dukani. Baada ya mwaka mmoja na nusu barua zake zilibadilika. Zilitaja jina alilolitumia mashindanoni, ngazi aliyoifikia, na maswali aliyoyafumbua, yote yakiwa wazi kwa yeyote anayetaka kuhakikisha. Kampuni moja ndogo ya Nairobi ikamwita kwenye usaili kwa njia ya video. Alipokuwa ndani, hakuna aliyemuuliza tena habari za mashindano. Walimpa programu iliyoandikwa na mtu mwingine, wakamwambia aeleze ina kosa gani. Akaeleza. Akapewa miezi mitatu ya majaribio, na hadi leo yuko nao.

Mashindano hayakumpa kazi. Yalimpa kuitwa. Tofauti hiyo ndiyo kiini cha mjadala huu wote, na ndiyo isiyoonekana kwa watu wenye vimemo. Mtu ambaye huitwa kila anapoomba hawezi kujua kuitwa kuna thamani gani. Atasema usaili ndio unaoamua, na kwake yeye ni kweli. Yule binti alikuwa na uwezo ule ule wa kusoma programu ya mtu mwingine katika miaka yake miwili ya kimya. Hakupata mtu wa kumuuliza.

Baada ya kusema na wabezaji, sharti niseme pia na wauzaji. Hawa ni wale wanaokuja mikoani na semina zao, wakawaambia vijana kwamba ukishinda mashindano makampuni makubwa yatakufuata ulipo. Huo ni uongo, na ni uongo wa hatari kwa sababu humfanya mtoto wa maskini ajenge nyumba juu ya kizingiti cha mlango wa mtu mwingine. Google yenyewe ilikuwa na shindano lake mashuhuri, Code Jam, lililoanza mwaka 2003. Mwaka 2023 ikalifunga. Kampuni ya Andela, iliyoanzia Lagos mwaka 2014 na baadaye kufika Nairobi na Kampala, ilichuja vijana kwa mitihani mikali, ikawafunza na kuwaunganisha na waajiri wa ng'ambo. Septemba 2019 ikawaondoa mamia ya wale waliokuwa bado wachanga kazini. Walikuwa hodari, na mitihani ilikuwa imeshuhudia hivyo. Kuitwa ni jambo kubwa, lakini mlango ni wa mwenye nyumba, naye anaweza kuufunga asubuhi yoyote.

Tena kuna jambo jipya ambalo wauzaji hawalisemi. Septemba 2025, fainali za dunia za ICPC zilifanyika Baku, Azerbaijan. Maswali yalikuwa 12. Timu bora ya wanafunzi ilifumbua 11. Mashine ya kampuni ya OpenAI, iliyopewa maswali yale yale, ilifumbua yote 12, na ile ya Google ikafumbua 10. Wabezaji wamefurahi: si tulisema, mchezo umekwisha! Mimi naona vingine. Mkokotoo wa mfukoni haukufuta somo la hesabu, ila ulitulazimisha kuuliza mtihani unafanyikia wapi na nani anausimamia. Kilichopata jeraha hapa ni ushahidi wa mtu aliyeshindana peke yake chumbani, kwa sababu mwajiri sasa atauliza: ni wewe uliyefumbua, au ni mashine? Shahidi anayeweza kukodishwa hatakuwa na maana mahakamani. Shindano linalofanyika ukumbini, chini ya macho ya msimamizi, limepanda thamani.

Na hilo ndilo linaloniumiza. Mlango aliopitia yule binti wa Iramba ulikuwa wa intaneti, nao unazidi kuwa mwembamba. Mlango wa ukumbini uko vyuo vikuu, na ICPC ni ya wanafunzi wa vyuo. Chuo kikuu kikubwa kilicho karibu nasi ni cha Dodoma, kiasi cha kilometa 240 kutoka hapa. Kijana wa Singida aliyemaliza kidato cha nne au stashahada, na ambaye ana akili kama ya yeyote, hana ukumbi wa kuketi. Tunayo MAKISATU, mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu yaliyoanza mwaka 2019, na ni jambo jema. Lakini hayo humpima mtu kwa kitu alichokibuni na kukileta, na kukitengeneza kitu kunataka mtaji. Shindano la programu halitaki mtaji wa mshindani ila kichwa chake, mradi mtu mwingine atoe chumba, umeme na kompyuta.

Basi nasema tuyaanzishe hapa. Mjini Singida tuna chuo cha VETA na kampasi ya Taasisi ya Uhasibu. Kumbi na kompyuta si ndoto. Mara moja kwa mwaka, vijana wa wilaya zote waketi, awe mwanafunzi au asiwe, kwa namba badala ya majina, na maswali yaandikwe kwa Kiswahili pia. Siku ya kwanza iwe ya saa 5 kama ilivyo duniani. Kisha wale watakaofanya vizuri wapewe wiki moja na programu mbovu ya kweli, pamoja na karani wa ghala la alizeti wa kuulizwa maswali, ili ile nusu ya pili ya kazi nayo ipimwe. Na waajiri, wa serikali na wa binafsi, waweke katika matangazo yao mstari mmoja tu wa kutaja matokeo hayo, kisha wawaite waliofaulu. Hatuwaombi wawaajiri. Tunawaomba wawaite. Mcheza kwao hutuzwa, lakini sharti kwanza kwao pawe na uwanja.

Siku vimemo vitakapokwisha katika nchi hii na ng'ambo, nitakuwa wa kwanza kusema mashindano haya yafungwe, tukae chini tutafute kipimo kilicho bora zaidi. Mpaka siku hiyo, enyi mlioitwa zamani, msimnyang'anye mtoto wa mkulima shahidi wake wa pekee kwa sababu tu shahidi huyo hajui kusema kila kitu.